Kuhama au Kusafiri Kila Siku?

Mfanyakazi akaaye Kibaha, kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam, akitumia saa 2 kwenda kazini na saa 2 kurudi, katika siku 240 za kazi hukaa njiani saa 960: sawa na siku 120 za kazi za saa 8.

Mwaka 2008 wanauchumi Alois Stutzer na Bruno Frey walionyesha, kwa takwimu za Ujerumani, kwamba watumiao muda mrefu zaidi njiani huridhika kidogo zaidi na maisha; mshahara wala nafuu ya makazi havikuwafidia kikamilifu.

Kuhama nako kuna gharama: kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, uhamisho wa watoto shuleni, shamba kubaki bila mwangalizi. Basi yampasa mwenye kuamua apime saa pamoja na shilingi, kwani nyumba ya mbali hulipiwa kodi, nauli na usingizi.