Alama za Mtihani Katika Shule za Msingi za Riruta (Sehemu ya Pili): Wastani wa Shule Unapima Nini?

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilifuata historia ya mitihani ya kukamilisha elimu ya msingi nchini Kenya, kuanzia CPE hadi KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023, watahiniwa wakiwa zaidi ya milioni 1.4. Sehemu hii inachunguza namba moja tu, yaani wastani wa shule, ambao kwa miaka mingi uliandikwa kwa herufi kubwa kwenye kuta na mabango ya shule za kibinafsi jijini Nairobi, na ambao hata sasa mzazi wa Riruta huutafuta kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

KCPE ulikuwa mtihani sanifu, maana yake watahiniwa wote walijibu maswali yale yale, kwa muda ule ule, na kusahihishwa kwa kanuni moja. Karatasi ya Hisabati ilikuwa na maswali 50, kila swali likiwa na majibu manne, na mtahiniwa alichora kistari kwa penseli katika kisanduku chenye herufi aliyoichagua, kisha mashine ikaisoma karatasi yake. Insha za Kiingereza na Kiswahili ndizo zilizohitaji jicho la mwalimu. Ni vyema kukumbuka kwamba mtoto asiyejua lolote, akibahatisha kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, angetarajiwa kupata maswali 12 au 13.

Hata hivyo, idadi ya majibu sahihi, ambayo huitwa alama ghafi, haikuwa alama iliyotangazwa. Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, liliigeuza kuwa alama sanifu kwa namna ambayo wastani wa nchi nzima katika kila somo uliwekwa kuwa 50, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ukawekwa kuwa 15. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba watahiniwa wa nchi nzima walipata kwa wastani maswali 24 ya Hisabati, na mkengeuko wake ukawa 8, mtoto aliyepata maswali 32 angepewa alama 65. Mtihani ukiwa mgumu mwaka unaofuata na wastani ukashuka hadi 18, mkengeuko ukibaki pale pale, alama 65 zingemwendea aliyepata maswali 26.

Matokeo ya utaratibu huu hayakuelezwa vya kutosha kwa umma. Kwa kuwa katika miaka ya mwisho ya KCPE masomo yalikuwa matano na jumla ni alama 500, wastani wa taifa ulikuwa 250 kila mwaka kwa sababu ndivyo ulivyopangwa kuwa, wala haungeweza kupanda hata kama watoto wote wa Kenya wangejifunza zaidi. Shule iliyotoka 245 ikafika 260 ilikuwa imewapita wengine kwenye foleni, na huenda wanafunzi wake walijua zaidi kuliko wale wa mwaka uliotangulia, huenda hawakujua zaidi. Alama yenyewe haikuweza kusema.

Lililo zito zaidi ni nani aliyeketi kwenye dawati. Ada za shule za msingi za umma zilipofutwa mwaka 2003, madarasa yalifurika, na wazazi wengi waliojiweza waliwahamishia watoto wao katika shule za kibinafsi, kiasi kwamba wastani wa shule nyingi za umma ulishuka kwa sehemu fulani kwa sababu tu waliokuwa wakiuinua walikuwa wameondoka. Riruta na mitaa jirani ya Kawangware na Ngando ina shule za umma, shule za kibinafsi za ada ya juu, na shule nyingi za ada nafuu zilizojengwa kwa mabati na mbao, ambazo hali zake nchi iliziona tarehe 23 Septemba 2019, darasa la ghorofa lilipoporomoka Ngando na kuwaua wanafunzi wanane. Kulinganisha makundi haya matatu kwa namba moja ni kulinganisha mifuko ya wazazi. Inafaa kukumbushwa pia kwamba jina la Riruta linavuma nchini kwa sababu ya shule ya upili ya wasichana ya Precious Blood, ambayo wanafunzi wake huchaguliwa kwa alama, na kwa hiyo sifa zake haziwasemei watoto waliozaliwa Riruta.

Ukubwa wa shule nao una hila zake: wastani wa shule yenye watahiniwa 20 huyumba kutoka mwaka hadi mwaka takriban mara tatu zaidi ya ule wa shule yenye watahiniwa 200, hata walimu wasipobadilika. Zaidi ya hayo, zilikuwepo shule zilizowalazimisha wanafunzi dhaifu kurudia darasa, au kuwasajili katika kituo kingine cha mtihani ili wasiharibu jina, na mwaka 2014 Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alipiga marufuku kuorodhesha shule kwa alama. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, ingawa kiu ya orodha haikuisha.

Katika mfumo uliofuata KCPE, tathmini ya KPSEA, iliyofanywa na wanafunzi wa Gredi ya 6 kwa mara ya kwanza Novemba 2022, huchangia asilimia 40 ya alama za mwisho za mwanafunzi, huku tathmini za shuleni zikichukua 60, na hakuna mtoto anayezuiwa kuingia sekondari ya chini kwa sababu ya matokeo. Ni hatua njema, lakini mwalimu anayetoa sehemu kubwa ya alama za wanafunzi wake mwenyewe anahitaji usimamizi ambao bado ni haba.

Mzazi anayechagua shule Riruta na amuulize mwalimu mkuu maswali mawili: watoto walioanza Gredi ya 1 pamoja wangapi wamefika Gredi ya 6, na waliokuwa nyuma katika kusoma walisaidiwa vipi. Sehemu ya tatu itaeleza jinsi tathmini za shuleni zinavyoandaliwa.