Sayansi ya Bahari kwa Mwanafunzi wa Bara

Makala haya yananuia kumtambulishia mwanafunzi anayeanza masomo ya chuo misingi ya sayansi ya bahari. Huenda msomaji aliyelelewa Kabuchai au Kitale akauliza: bahari yanihusu nini, ilhali kwetu na Mombasa ni mbali mno? Swali hilo ni la haki, na tutalijibu.

Bahari zimefunika takriban asilimia 71 ya uso wa dunia, na kina chake cha wastani hukaribia mita 3,700. Uchunguzi wake wa kisasa ulipata msingi katika safari ya meli ya Uingereza iitwayo Challenger, kati ya 1872 na 1876. Taaluma hii ina matawi manne makuu. Fizikia ya bahari huchunguza mawimbi, mikondo na joto la maji. Kemia huchunguza chumvi na gesi zilizoyeyuka humo (kilo moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi). Biolojia huchunguza viumbe. Nayo jiolojia huchunguza sakafu ya bahari.

Mwanafunzi wa Kiswahili hafiki mikono mitupu katika taaluma hii. Wavuvi na manahodha wa pwani wamekuwa na istilahi zake tangu jadi. Maji hujaa na kupwa kwa mvuto wa mwezi na jua. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, mivuto hiyo miwili huungana, tukapata bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, hupunguzana nguvu, tukapata maji mafu. Vivyo hivyo, majira ya kusi husukuma mkondo wa Somalia kuelekea kaskazini, na kaskazi inapovuma mkondo huo hugeuka. Majahazi yalikuja kutoka Arabuni kwa kaskazi, yakarejea kwa kusi.

Sasa turejelee swali letu. Mnamo 1999, wanasayansi walioongozwa na N. H. Saji walieleza jinsi upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi unavyoweza kupata joto kuliko kawaida, huku upande wa Sumatra ukipoa. Maji yenye joto hutoa mvuke mwingi, hewa hupanda, na mvua za vuli Afrika Mashariki huzidi kipimo. Hali ikigeuka, ukame hunyemelea. Ilitokea hivyo 1997, na tena kwa ukali 2019. Novemba mwaka huo, maporomoko ya ardhi yaliwaua zaidi ya watu 40 katika kaunti ya West Pokot, jirani ya Kitale. Waliofukiwa hawakuwa wakazi wa pwani. Walikuwa watu wa milimani.

Zaidi ya hayo, maji ya Mto Kuywa huingia Nzoia, Nzoia ikayapeleka Ziwa Viktoria, nayo Nile ikayafikisha Mediterania. Mtu wa bara basi huathiriwa na bahari moja na kuitumia nyingine maji.

Kwa kuhitimisha, mkulima anayesubiri kupanda anahitaji utabiri anaouelewa. Ni wajibu wetu, wanafunzi wa Kiswahili, kuzikusanya istilahi za wavuvi kabla hazijapotea, na kuzitumia kuieleza sayansi hii kwa lugha inayofika hadi shambani.