Gari la Dar likifika kihambani, P peke yake haitoshi

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ya familia. Ndani kuna watoto, mabegi, mchele na kanga za bibi. Kabla ya safari oili imebadilishwa, tairi zimejazwa upepo na maji ya rejeta yameangaliwa. Breki ya mkono, ile ambayo wengi huiita hendibreki, ni nadra kuangaliwa. Sehemu kubwa ya Dar ni tambarare, na wapo madereva ambao mwaka mzima unapita hawajaivuta hata mara moja.

Mjini dereva wa gari la otomatiki akifika nyumbani hukanyaga breki, huweka gia kwenye P, huzima na kushuka. Gari halisogei. Husafiri na tabia hiyo hadi Marangu, Kibosho, Machame au Rombo, ambako uwanja wenyewe wa nyumba ni mteremko. Huko chini ya gari ndiko wajukuu wanakocheza, na pengine ndiko akina mama wamekaa wanamenya ndizi za mtori.

Gari dogo la kilo 1,300 likiegeshwa kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10 hujivuta kwenda chini kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 130. Likiachia, baada ya mita 10 tu huwa katika mwendo wa karibu kilomita 15 kwa saa. Mtu mzima mwepesi anaweza kulikimbilia. Kulizuia kwa mikono hawezi, hata akisaidiwa na shemeji wawili, na anayejaribu kusimama mbele yake anajiweka pabaya kuliko alipokuwa.

P inafanya nini basi? Ndani ya giaboksi kuna gurudumu lenye meno. Dereva akiweka P, kijino kimoja cha chuma hutumbukia katikati ya meno hayo na kuzuia mzunguko usiende kwenye magurudumu. Hakuna pedi inayobana wala diski inayoshikwa. Uzito wote wa gari unalalia kijino hicho. Ndiyo maana gari lililolala mlimani bila hendibreki hutoa mlio mzito, “kdo!”, asubuhi dereva anapotoa gia. Mlio huo wengi wameuzoea na hawaulizi unatoka wapi.

Jambo jingine ni magurudumu yanayoshikwa. Magari mengi madogo yanayopendwa na familia, kama Vitz na IST, huendeshwa kwa magurudumu ya mbele, hivyo P hushika ya mbele tu. Hendibreki kwa kawaida hushika ya nyuma. Vikitumika vyote viwili, tairi nne zote zimezuiwa. Kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua za vuli, au kwenye majani ya uani, hilo si jambo dogo, kwa kuwa hata tairi lililobanwa sawasawa linaweza kuteleza.

Mpangilio wa kuegesha nao una maana. Dereva akanyage breki ya mguu, avute hendibreki mpaka ishike, aweke gia kwenye N, kisha aachie mguu polepole. Gari litasogea kidogo sana na kutulia juu ya hendibreki. Hapo akanyage tena na kuweka P. Gari la gia za kawaida hufuata njia hiyo hiyo, ila mwisho huachwa kwenye gia namba moja likiwa limeelekea juu, na kwenye rivasi likiwa limeelekea chini.

Usukani pia ni breki ya akiba. Gari linalotazama chini likiwa kushoto mwa barabara, tairi za mbele zikatwe kushoto, zielekee ukingoni. Linalotazama juu penye ukingo wa zege zikatwe kulia, ili likirudi nyuma tairi iegemee ukingo. Pasipo na ukingo zikatwe kushoto, gari lirudi pembeni badala ya kuingia katikati ya barabara.

Kuna hali moja inayowashangaza hata madereva wa siku nyingi. Gari linateremka mlima mrefu, dereva akikanyaga breki njia nzima, kisha anaegesha na kuvuta hendibreki. Limesimama vizuri. Dakika kumi baadaye linaanza kwenda lenyewe, na watu wanasema ni mkono wa mtu. Diski ya breki ikipata moto hutanuka, na ikipoa husinyaa, hivyo pedi zilizokuwa zimeibana hulegea. Hilo hutokea kwa magari ambayo hendibreki yake hubana diski za nyuma. Yale ya dramu nyuma hayana shida hiyo, kwani dramu ikipoa husinyaa kuelekea kwenye shuu zenyewe. Dereva aliyeshuka mteremko mrefu na asubiri kidogo kando ya gari, kisha avute hendibreki mara ya pili.

Wapo wanaoona aibu kuweka jiwe au kabari ya mti chini ya tairi, wakisema ni mambo ya malori. Kule Uingereza, familia zinazokwenda likizo zikivuta nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya gari hubeba kabari kama wanavyobeba masufuria. Breki za nyumba hizo zimeundwa zilegee zinaposukumwa kinyumenyume, ili gari liweze kurudi nazo nyuma. Kwa hiyo hata mkono ukiwa umevutwa, kwenye mlima nyumba inaweza kurudi sentimita kadhaa kabla ya kushika.

Hendibreki ipimwe kabla ya safari. Waya wake usiotumika hushika kutu, hasa kwa hewa ya chumvi ya pwani. Ukivutwa husikika mibofyo. Kwa magari mengi ya Kijapani inatakiwa ishike kati ya mbofyo wa 5 na wa 9. Mkono ukipanda hadi juu kabisa, waya umelegea au shuu zimekwisha, na shuu zilizokwisha hazitibiwi kwa kukaza waya. Vilima vya Goba au Kimara vinatosha kwa majaribio: gari liwe kwenye N, hendibreki imevutwa, mguu wa dereva ukiwa tayari juu ya breki, na pasiwe na mtu mbele wala nyuma.

Halafu kuna pancha. Tairi la mbele la IST likiinuliwa kwa jeki mlimani, P haishiki tena: gurudumu lililo hewani linaweza kuzunguka upande mmoja na lile lililo chini likazunguka upande mwingine. Kinachobaki kulishikilia gari ni hendibreki na jiwe. Kabla jeki haijatoka kwenye buti, jiwe liwe limeshawekwa upande wa chini wa tairi la nyuma, na watoto wote wawe wameshuka na kusimama upande wa juu wa gari, mbali na barabara.