Je, Wajua? Kalibu ya Silikoni Haisahau Hata Alama ya Kidole

Shika samaki bandia wa plastiki laini, yule wa urefu wa kidole anayefichwa ndoana tumboni, umsogeze karibu na taa. Magamba yamejipanga, jicho limebonyea kidogo, mkia umejipinda kama mundu. Mgeuze ubavu wa pili. Hapo karibu na pezi kuna vistari vyembamba vilivyozungukana. Si mapambo hayo. Ni alama ya kidole cha fundi aliyegusa kielelezo cha udongo kikiwa bado kibichi, na kila chambo kitakachosubiwa katika kalibu ile kitatoka nayo, cha kwanza na cha mia.

Kalibu ya silikoni hainakili umbo tu, hunakili na ngozi. Kielelezo kikiwa kinang'aa, chambo nacho hung'aa. Kikiwa na mikwaruzo ya msasa, chambo hutoka kimefifia. Ndiyo maana wanaochonga kielelezo kwa mti hukipaka vanishi tabaka juu ya tabaka, wakangoja kikauke barabara, ndipo waanze kumimina.

Vyambo vya namna hii vilizaliwa jikoni. Mwaka 1949, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, fundi mitambo Nick Creme na mkewe Cosma walipika plastiki ya vinili kwenye jiko lao la nyumbani hadi wakapata mnyoo mlegevu, unaocheza majini kama nyungunyungu wa kweli. Tangu hapo wavuvi wengi wa ndoana wamekuwa wakijisubia wenyewe, kwa sababu kila ziwa lina samaki wake na kila samaki ana anachokipenda.

Wengi huanza na kalibu ya plasta, maana ni rahisi kuipata. Lakini plasta ni ngumu, na mkia uliojikunja ukinasa ndani, ama utakatika mkia au utavunjika ukingo wa kalibu. Silikoni hukunjwa. Unaipanua kwa vidole viwili, chambo kinachomoka, nayo inarudi kama ilivyokuwa. Siri yake imo katika mnyororo wa atomi: silikoni, oksijeni, silikoni, oksijeni, zinapokezana hivyo kwa urefu. Viungo vya mnyororo huo hujipinda kwa wepesi, lakini kuvivunja kwa joto ni kazi. Elementi yenyewe ya silikoni imejaa katika mchanga tunaoukanyaga, ingawa kuifikisha kwenye mpira kulichukua miaka mingi. Mwanakemia Frederic Kipping wa Nottingham, Uingereza, alizichunguza kampaundi za silikoni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na hata mwaka 1937 hakuona kwamba zingekuja kufaa kitu. Mwaka 1940 Eugene Rochow, mtafiti wa kampuni ya General Electric, akagundua njia nyepesi ya kutengeneza malighafi yake, na viwanda vikafuata.

Silikoni ya kalibu huuzwa katika vyombo viwili, kimoja cha ute na kingine cha kuukaza. Ziko za aina mbili: inayokazwa kwa bati na inayokazwa kwa platini. Ya bati haina masharti mengi, ila husinyaa kidogo kadiri siku zinavyopita. Ya platini haisinyai, lakini ni ya kudekezwa. Kalibu yangu ya kwanza iliharibikia hapo. Nilikishikiza kielelezo kwa udongo wa kuchezea watoto, nikamimina, nikalala. Asubuhi juu pamekaza vizuri. Chini, pale ilipogusana na udongo, ilikuwa ute unaonata usiotoka kwa sabuni wala kwa kitambaa. Udongo ule ulikuwa na salfa, na salfa huikamata platini isifanye kazi yake. Siku hizi, kabla ya kumwaga kikombe kizima, najaribu kwanza tone moja.

Kumimina kwenyewe ni kazi ya subira. Inua kikombe juu, uiache silikoni ishuke kama uzi wa asali, tena kwenye pembe moja tu ya kisanduku chenye kielelezo. Uzi unavyozidi kuwa mwembamba ndivyo mapovu yanavyopasuka njiani. Iache yenyewe itambae, ifike kwenye kielelezo, ikipande taratibu na kukifunika. Kwa kalibu ya vipande viwili, paka vaselini juu ya nusu ya kwanza kabla ya kumimina ya pili. Silikoni haishikamani na karibu kitu chochote isipokuwa silikoni mwenzake, na ukisahau vaselini, nusu mbili zitakuwa gogo moja.

Kisha inakuja plastiki. Plastiki hiyo ya vyambo, iitwayo plastisoli, ikiwa baridi ni nyeupe kama maziwa. Ukiipasha huwa nzito, halafu kwenye nyuzijoto 175 hivi inageuka kuwa angavu na kutiririka. Hapo ndipo hutiwa rangi na kumiminwa. Joto hilo silikoni hulivumilia bila shida. Ngozi yako haitalivumilia. Tone moja la maji ndani ya kalibu hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha plastiki usoni. Plastiki ikiungua, hutoa gesi ya asidi ya hidrokloriki inayochoma koo na mapafu. Kwa hiyo fanyia kazi nje penye upepo, vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali, na sufuria hiyo isirudi tena kupikia chakula.

Chambo kilichochanika usikiache ziwani. Plastiki yake haiozi, na samaki hukimeza. Kirudishe nyumbani, kwa kuwa plastisoli huyeyushwa na kusubiwa tena. Kalibu yenyewe haiyeyuki: silikoni ikishakaza, imekaza. Lakini ikichanika kwa uzee, mafundi huikatakata vipande vidogo na kuvipanga pembeni mwa kisanduku kipya, mbali na kielelezo, kisha humimina silikoni mbichi juu yake. Inavishika, kwa sababu ni ndugu, na kalibu mpya inahitaji ute mchache zaidi.