KONEA MPYA YATAKA SUBIRA

Ikiwa nyumbani mwako, Shirimatunda au kwingineko, yupo aliyepandikizwa konea, huenda umemsikia akilalamika: "Doa limeondoka, mbona herufi bado zina vivuli?" Asikate tamaa. Mara nyingi konea yenyewe ni nzima. Kilichopotoka ni umbo lake.

Konea ni utando angavu ulio mbele ya jicho. Tangu Daktari Eduard Zirm alipofaulu kumpandikizia binadamu konea mwaka 1905, shida hii haijakwisha. Konea mpya hushonwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, mara nyingi kama 16. Baadhi zikikaza kuliko nyingine, konea hupindika: badala ya kuwa duara kama mpira, huwa kama yai. Mwanga haukutani mahali pamoja, na sura ya kitu hutanda. Hiyo ndiyo astigmatizimu.

Tiba yake huenda kwa hatua. Daktari hupima umbo la konea, kisha hutoa nyuzi zilizokaza mno, kidogo kidogo, kwa miezi mingi. Konea haina mishipa ya damu, kwa hiyo kidonda chake hupona polepole, pengine mwaka mzima au zaidi. Basi usikimbilie kununua miwani ya bei kubwa mapema, kwani kila uzi utolewapo vipimo hubadilika. Jicho likisha tulia, miwani huwafaa wengi. Isipotosha, ipo lenzi ngumu inayovaliwa juu ya konea. Na wengine hufanyiwa upasuaji mdogo wa kulegeza mkazo.

Nyumbani nako kuna wajibu. Dawa ya matone isikatishwe bila idhini ya daktari, hata kama jicho haliumi. Jicho lisisuguliwe, likingwe na vumbi, wala lisitiwe dawa za majani. Likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga, likififia au likikereketa kama lina mchanga, huenda mwili unaikataa konea au uzi umelegea. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mkazi wa Moshi hana safari ndefu: KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya macho. Atokaye mbali na atenge mapema nauli ya kila kliniki.

Tukumbuke kwamba konea hiyo ilitolewa na mwenzetu aliyekwisha fariki. Kuipoteza kwa uzembe ni kuitupa zawadi yake.