Jina la Mada na Mfuko wa Mfadhili: Utafiti wa Imani Zilizo Nje ya Dini Rasmi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayenuia kuchunguza maisha ya kiroho nje ya dini zenye mfumo rasmi hukumbana na tatizo la istilahi kabla ya lile la fedha. Neno "uroho" tayari lina maana ya ulafi; "dini" huwaelekeza wengi kwenye kanisa na msikiti; nalo "ushirikina" ni hukumu, si istilahi. Makala haya yanafafanua jinsi tatizo hili la jina linavyoathiri upatikanaji wa ufadhili wa uzamili na uzamifu, na kupendekeza njia ambayo mwanafasihi anaweza kuifuata.

Katika African Religions and Philosophy (1969), John Mbiti alishikilia kwamba dini ya jadi ya Mwafrika hupenya katika nyanja zote za maisha. Imani ya aina hiyo haina sajili ya waumini. Sensa ya Kenya ya 2019 iliorodhesha zaidi ya watu 300,000 kuwa wafuasi wa dini za jadi. Hata hivyo, sensa humpa kila mtu nafasi moja tu. Anayehudhuria ibada Jumapili kisha akashiriki tambiko la ukoo huhesabiwa upande mmja pekee.

Wafadhili nao wana mipaka yao. Wakfu wa John Templeton, ulioasisiwa mwaka 1987, hufadhili tafiti kuhusu dini na hali ya kiroho, ila ruzuku zake kwa kawaida huwaendea watafiti waliobobea na taasisi zao. Wakfu wa Wenner-Gren hugharamia kazi ya nyanjani ya uzamifu katika anthropolojia. Wa uzamili hana nafasi humo. CODESRIA, lenye makao Dakar, limewahi kutoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu katika sayansi za jamii. Hapa nchini, sheria ya mwaka 2013 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Kote huko, mada yetu huweza kuonekana kuwa ya idara nyingine.

Kutokana na hali hii, kipo kishawishi cha kuibandika mada jina linalouzika. Tuchukue mfano wa kaya za Wamijikenda. Misitu yake iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mila zake katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura mwaka 2009. Ni rahisi, basi, kuomba fedha kwa jina la uhifadhi au utalii. Lakini jina likibadilika, swali nalo hubadilika: aliyelipiwa kuhesabu miti hatapata wasaa wa kuuliza mzee anamwomba nani, na kwa maneno gani.

Mwanafasihi hana haja ya kujificha hivyo. Matambiko, maapizo na nyimbo za ngoma za pepo ni matini za fasihi simulizi. Pendekezo lake na liseme bayana ni matini zipi zitakazorekodiwa, kunukuliwa, kutafsiriwa na kuhakikiwa katika muktadha wa utendaji. Hapo imani inabaki kuwa kiini cha utafiti, na mwombaji anasimama katika taaluma yake.

Aidha, bajeti iwe ya kweli. Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Gharama za kuwaendea wazee kwa mujibu wa desturi zitajwe waziwazi, pamoja na za kuwarudishia nakala za rekodi. Kibali cha NACOSTI hakichukui nafasi ya idhini yao. Yapo maneno yasiyoruhusiwa kusikika nje ya kaya. Iwapo mfadhili anadai rekodi zote ziwekwe hadharani, jambo hilo lijadiliwe kabla ya mkataba kutiwa saini.

Wahadhiri wetu nao wana wajibu. Msimamizi anayeikataa mada kwa kuiita ushirikina huifunga kabla mfadhili yeyote hajaisoma, ilhali wazee wanaozijua matini hizi wanazidi kupungua.