PIKIPIKI KUUKUU: NI SIKU GANI YAFAA KUPELEKWA KWA FUNDI?

Mwenye pikipiki mpya hana shida kubwa ya kuamua siku ya matengenezo. Alipewa kitabu pamoja na pikipiki, na kitabu chataja kilomita. Mita yake yahesabu sawasawa. Naye aliyemwuzia humkumbusha. Mwenye pikipiki kuukuu aghalabu hana hata moja katika hayo. Kitabu kilipotelea kwa mwenyewe wa kwanza au wa pili, waya wa mita ulikatika zamani, na fundi wa kando ya barabara humwambia neno lile lile kila amwonapo, yaani, "Ilete." Basi huendelea na kazi mpaka siku pikipiki inapokataa kuwaka, na siku hiyo ndiyo huiita siku ya matengenezo.

Jambo hili lawahusu watu wengi wa Thika na Ruiru. Tangu barabara kuu ya kutoka Nairobi mpaka Thika, yenye urefu wa kilomita zipatazo 50, ilipofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, mashamba mengi ya kandokando yake yamegeuka mitaa ya nyumba, na kutoka vituo vya matatu mpaka milangoni pa nyumba hizo watu hupelekwa kwa boda boda. Nyingi katika pikipiki hizo ni za namna moja, kama Bajaj Boxer na TVS: injini ya silinda moja, ya sentimita za ujazo 100 mpaka 150, ipozwayo kwa upepo. Ni pikipiki zenye subira. Huweza kufanya kazi miaka mingi pasipo kulalamika, na hapo ndipo penye hatari, maana mtu hudhani kwamba isiyolalamika haihitaji kitu.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba kilomita peke yake si kipimo kamili cha kazi. Pikipiki iendayo kutoka Ruiru mpaka Thika kwa mwendo wa taratibu juu ya lami, mtu mmoja mgongoni, hupata upepo wa kutosha na injini yake haichoki. Lakini ile inayopanda kilima kwa gia ya pili, imebeba abiria na gunia, kisha ikasimama stejini injini ikinguruma huku mwendeshaji akingoja mwingine, hufanya kazi nyingi ambayo mita haiandiki. Injini ipozwayo kwa upepo haina maji ya kuisaidia. Ikiwa haisogei, haipozwi. Tena kuna vumbi. Yeyote aliyepita njia za malori ya mawe upande wa Juja na Ndarugu wakati wa kiangazi ajua jinsi vumbi lile linavyoingia hata kinywani. Nalo huingia vilevile katika chujio la hewa, na likipata nafasi hupita mpaka ndani ya silinda, likasaga ringi za pistoni kama msasa. Kwa hiyo vitabu vya watengenezaji, ijapokuwa hutofautiana katika hesabu zao, huonya kwamba mahali pa vumbi na penye kazi nzito muda wa matengenezo yapasa ufupishwe.

Sasa ufupishwe kiasi gani, na mita imekufa? Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na kumbe kuna njia nyepesi: kuhesabu kwa petroli. Umbali wa Ruiru na Thika ni kilomita zipatazo 20, basi kwenda na kurudi ni 40. Mwenye pikipiki na ajaze tangi mpaka mdomoni, aende safari zake za kawaida katika njia anayoijua urefu wake, kisha ajaze tena mpaka mdomoni na kuona ni lita ngapi zimeingia. Akiona, kwa mfano, kwamba lita moja yampeleka kilomita 40, basi lita 50 ni kilomita 2,000. Kutoka siku hiyo hana haja ya mita. Ataandika katika daftari kila lita anayoinunua, na zikifika 50 atajua kwamba kilomita 2,000 zimetimia. Mtu aendaye kilomita 100 kwa siku atafika hapo kwa siku 20 tu, jambo ambalo huwashangaza wengi waliozoea kusema kwamba oili "ilimwagwa juzi juzi."

Hesabu hii ya petroli ina faida ya pili, nayo kwa pikipiki kuukuu ni kubwa kuliko ya kwanza. Pikipiki inapokwenda siku nyingi zaidi ya kazi yake pasipo matengenezo, hunywa petroli zaidi. Tena ile ifanyayo kazi nzito au kukaa stejini ikiwaka humaliza lita zake upesi, hivyo daftari lahesabu hata ile kazi ambayo mita ingeiacha. Na kama lita iliyokuwa ikimfikisha kilomita 40 sasa yamfikisha 33 katika njia ile ile na mzigo ule ule, chujio la hewa limejaa, au plagi imechoka, au breki zashika gurudumu, au cheni imekauka. Mwenyewe huona jambo hilo katika daftari kabla sikio halijasikia kitu.

Wako wanaotazama rangi ya oili. Oili ikiwa nyeusi, husema siku imefika. Hicho si kipimo kizuri, kwa kuwa oili njema huwa nyeusi upesi kwa sababu yachukua masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Jambo la kutazamwa ni kiasi chake. Injini hizi hubeba oili kidogo sana, kama lita moja hivi, na oili hiyo hiyo hulainisha injini, gia na klachi pamoja. Injini kuukuu huila kidogo kidogo. Ikiwa imepungua nusu na mwenyewe hana habari, nusu iliyobaki hufanya kazi ya nzima, hupata moto mno, na mwisho wake pistoni hukwama ndani ya silinda, pengine katikati ya barabara kuu huku lori likija nyuma. Kwa hiyo kuitazama oili si jambo la siku ya matengenezo. Ni jambo la kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare kabla ya kuwashwa. Ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na haifai kungoja hata siku moja. Wala isitiwe oili yoyote ile kwa kuwa ni rahisi. Oili nyingine za motokari zina dawa ya kupunguza msuguano, nayo huifanya klachi iteleze.

Vali nazo hudanganya watu kwa namna nyingine. Kati ya vali na mkono unaoisukuma huachwa nafasi ndogo, nyembamba kama karatasi, ili chuma kikipata moto na kurefuka vali iweze kufunga sawasawa. Nafasi ikizidi, injini hupiga kelele ya ta-ta-ta, na mwenyewe hukimbilia kwa fundi. Lakini mara nyingi kwa kutumika sana nafasi hupungua, na vali iliyokaza haina kelele. Injini huwa kimya, mwendeshaji hufurahi, na huku vali yaungua kwa kuwa haifungi. Dalili yake ni pikipiki ngumu kuwaka asubuhi na isiyo na nguvu mlimani. Basi vali zapasa kupimwa kwa hesabu, si kwa sikio.

Na hapa pana sababu ya kuchagua si siku tu bali hata saa. Oili yafaa kumwagwa injini ikiwa na moto kidogo, ili itoke pamoja na uchafu wake. Vali, kinyume chake, hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa. Fundi anayepokea pikipiki saa sita za mchana, imetoka tu kubeba watu kutoka Makongeni, na kuifunga vali papo hapo huku abiria wakiita, hawezi kupata kipimo cha kweli hata akiwa hodari namna gani. Iliyo bora ni kuipeleka jioni baada ya kazi. Oili ya zamani itoke jioni hiyo, chujio la hewa lisafishwe au libadilishwe, pikipiki ilale hapo, na asubuhi kabla ya kuwashwa vali zipimwe. Mwenyewe atapoteza saa mbili tatu za asubuhi, si siku nzima. Ile oili chafu nayo isimwagwe mferejini, kwa kuwa mifereji ya Thika huteremkia mito ya Chania na Thika, na kutoka huko mpaka Tana. Watu wengi huipaka nguzo za ua ili mchwa wasizile.

Kuna vitu visivyongoja daftari. Breki ni cha kwanza. Nati ya kukazia breki ya nyuma ikifika mwisho wa uzi wake, ngozi za breki zimekwisha, na kuendelea kubeba abiria ni kuchezea uhai wa mtu ambaye hakuulizwa. Tairi lililokuwa kipara wakati wa mvua za masika ni vivyo hivyo. Cheni yataka kutazamwa kila juma, na tena baada ya mvua: katikati yake icheze kama sentimita 2 mpaka 3, si zaidi sana. Ikiwa yaweza kuvutwa kutoka nyuma ya sproketi mpaka nusu ya jino ikaonekana, imekwisha. Nayo hubadilishwa pamoja na sproketi zake, maana cheni mpya juu ya meno ya zamani huharibika upesi.

Wengine, wakisikia habari hizi, huingia katika kosa la pili na kuifungua pikipiki kila juma. Hilo nalo lina hasara. Tumbo la injini ni la aluminiamu, madini laini, na bolti ya chuma ikifunguliwa na kukazwa kwa nguvu mara nyingi pasipo haja hukata uzi wake, na oili ikaanza kuvuja. Tena yapasa kutofautisha matengenezo ya kawaida na ugonjwa. Pikipiki inayotoa moshi wa buluu yachoma oili; ringi au silinda zimelika, au mipira ya vali imekufa, na kubadilisha oili mara mbili kwa mwezi hakutaiponya. Hiyo yahitaji kufunguliwa injini, na fedha yake huwekwa akiba mbali.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo halimo katika injini. Pikipiki nyingi za boda boda haziendeshwi na wenyewe. Mwenyewe yuko kazini Thika au Nairobi, na mwendeshaji humpelekea fedha za hesabu kila jioni. Mwendeshaji hufikiri: nikiisimamisha nusu siku, hesabu nitaitoa wapi? Mwenye mali hufikiri: nimpe fedha za oili, nitajuaje kama imetiwa? Kila mmoja hungoja mwenzake aseme, na siku hupita. Kisha injini ikikwama, mwenye mali hupoteza pikipiki na mwendeshaji hupoteza kazi, na steji nzima husikiliza wakilaumiana.

Hawa wawili yafaa wapatane kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Daftari la petroli likae kwa mwendeshaji, na mwenye mali alitazame kila Jumamosi. Sehemu ndogo ya hesabu ya kila siku iwekwe kando, isihesabiwe kuwa faida ya mtu yeyote. Lita 50 zikitimia, au hesabu nyingine waliyokubaliana, pikipiki iende kwa fundi jioni hiyo, kopo la oili lifunguliwe mbele ya macho ya mwendeshaji, na tarehe iandikwe. Na kwa asubuhi ile ya vali, mwendeshaji asidaiwe hesabu ya siku nzima. Ikiwa pikipiki imenunuliwa kuukuu na hakuna ajuaye historia yake, yote yafanywe siku ya kwanza, yaani oili, chujio, plagi, vali, cheni na breki, kisha ukurasa wa kwanza wa daftari uandikwe sufuri.